Ukoo wa Makorora: kadi ya Faraji

Faraji: Shikamooni wote. Mjomba Sefu upo? Niko dukani Kariakoo, natafuta kadi ya picha ya kuwashia ile monita ya chogo ya babu, nichezee gemu za zamani. Jamaa ananipa GTX 1050, anasema ina tundu la DVI, nitaweka adapta ya VGA iingie waya wa monita.

Mjomba Sefu: Marahaba. Usilipe.

Mjomba Sefu: Itazame hiyo DVI. Kuna ufa mrefu umelala pembeni. Una matundu manne madogo, mawili juu yake na mawili chini?

Faraji: 📷 Ufa tu.

Mjomba Sefu: Hiyo ni DVI-D, dijitali tupu. Monita ya babu inataka analogi, nayo hupita kwenye yale manne. Nvidia waliyaondoa kuanzia GTX 10, mwaka 2016. Adapta yenyewe haitaingia, vijiti vyake vitagota kwenye plastiki.

Dada Rehema: Si anunue kile kiwaya cha HDMI kwenda VGA? Ofisini tunacho cha projekta.

Mjomba Sefu: Kwa projekta sawa mama. HDMI haishuki chini ya megahezi 25 za pikseli, na gemu ya zamani yenye picha ya mistari 240 inataka nusu ya hapo au pungufu. Analogi unaipangia mwendo unaotaka. Mortal Kombat ile ya mashine za sarafu ni fremu 54.7 kwa sekunde. Ukiilazimisha 60, ama gemu inakimbia ama picha inakwamakwama. GroovyMAME, programu ya kuchezea gemu hizo kwenye kompyuta, inaifanya monita iifuate gemu.

Shangazi Mwanaidi: Na mimi nilishaahidi kumpa fundi hiyo monita 🙄

Faraji: Shangazi nakuomba!! Mjomba, kuna R9 290, anasema ni ya kibabe.

Mjomba Sefu: Ubabe wa nini? Nayo haina analogi, na powasaplai ya hiyo kompyuta yako ya ofisini haiiwezi. Gemu hizi kazi kubwa ni ya prosesa, kadi inachora tu. Muulize Radeon HD 5450. Ya 2010, ndogo, ina VGA yake kabisa, haitaki waya wa umeme wa pembeni. Na kwenye Windows kuna CRT Emudriver, draiva iliyotengenezwa kwa Radeon za zamani hasa.

Faraji: Nikiichomeka kwenye TV ya chogo ya sebuleni je?

Mjomba Sefu: We! TV inachora mistari kwa kasi ya kilohezi 15, VGA ya kawaida inatoa 31. Unaweza kuiua. Tena ile ina matundu ya AV tu.

Shangazi Mwanaidi: Aiguse aone.

Faraji: 😂😂 Ameichimbua 5450 kwenye boksi la vyuma, vumbi tupu. VGA ipo.

Mjomba Sefu: Kesi yako si ile nyembamba? Akupe na kibati kifupi cha kuifungia. Halafu aiwashe uone picha kabla hujatoa hela.

Faraji: Picha safi. Kibati anacho. Nalipa.

Dada Rehema: Chenji tuma huku, mchango wa Zuwena mwisho Ijumaa.