Mto unakauka kila kiangazi: tupime vipi, na maji ya mwisho tugawane vipi?

Ng'ambo_ya_Pili:
Habari wakuu. Naomba ushauri kwa wanaojua mito ya msimu. Huu una upana wa mita 3 hivi, chini ni mchanga na kokoto, na kuna pampu 4 za umwagiliaji. Masika unajaa, kiangazi hubaki vidimbwi, halafu mchanga mtupu. Ubao wa sentimita upo, ila unasoma 18 wakati maji yameshasimama kabisa. Kosa liko wapi? Pili, kuna wanaotaka tukodi katapila tuongeze kina cha vidimbwi. Inafaa?

Futikamba:
Ubao hauna kosa, mkuu. Umesimikwa kwenye kidimbwi, na kidimbwi hutoa maji juu ya mgongo wa kokoto ulio upande wa chini. Maji yakishuka hadi usawa wa mgongo huo, mtiririko umekwisha, hata kama ubao bado umelowa. Kwa hiyo itafuteni sifuri yenu wakati maji bado yanapita kidogo: pima kina pale mgongo ulipo chini zaidi, kisha ukitoe kwenye kipimo cha ubao. Ubao ukisoma 25 na mgongoni kuna sentimita 7, sifuri ni 18. Rudieni kila baada ya mafuriko, maana kokoto huhama.

Someni saa ileile kila siku, asubuhi ndiyo nzuri. Miti ya ukingoni hunywa mchana, na mto mwembamba unaweza kushuka alasiri ukapanda tena usiku bila mtu kuwasha pampu. Watu hugombana bure kwa sababu hiyo. Kwenye daftari andikeni neno pia: "unatiririka", "vidimbwi" au "mkavu". Nafasi iliyoachwa wazi haisemi kama maji hayakuwepo au msomaji hakwenda.

BatiNaKoleo:
Ubao peke yake hautakupa lita. Kwa mto mwembamba wekeni kizingiti chenye mkato wa V wa nyuzi 90, yaani bati linalokatiza mto ili maji yote yapite kwenye mkato huo. Fundi akate bati la chuma la milimita 3. Mdomo wa mkato uwe na unene wa milimita 1 hadi 2, na mchongo uelekee upande maji yanakoangukia. Kina kipimwe kuanzia ncha ya V, lakini si palepale kwenye mkato, kwa kuwa maji huinama yakikaribia kuanguka. Rudi nyuma angalau mara 4 ya kina kikubwa mnachotarajia, na usimike ubao mdogo hapo, sifuri yake ikiwa sawa na ncha.

Sentimita 5 ni lita 0.8 kwa sekunde. 10 ni lita 4.4, 15 ni lita 12, na 20 ni karibu lita 25. Tazama hapo: kina mara mbili, maji zaidi ya mara tano. Chini ya sentimita 5 maji huanza kung'ang'ania bati na hesabu hudanganya. Tumieni ndoo ya lita 20 na saa ya simu.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni maji kupita chini ya bati. Lizikeni nusu mita, upande wa juu mtandike nailoni ngumu na kushindilia udongo wa mfinyanzi, hasa kwenye kingo. Maji yaanguke huru, yaani ya upande wa chini yawe chini ya ncha kwa sentimita 5 au zaidi. Liondoeni kabla ya mvua. Na kibali cha mamlaka ya maji kitangulie.

Kokoto_Tatu:
Katapila hapana! Kidimbwi hukaa na maji kwa sababu matope laini yameziba chini yake. Ukikwangua tabaka hilo, maji huzama mchangani ndani ya siku chache. Isitoshe, ukishusha kitanda cha mto, maji yaliyo ndani ya kingo nayo hushuka.

Pimeni maji yaliyo chini ya mchanga. Chukueni bomba la plastiki la milimita 50, mtoboe matundu nusu mita ya mwisho, mfunge kitambaa cha kuchuja, mlizike mita 2 hadi 3 na kulifunika. Kila wiki shusheni futikamba ndani yake hadi iguse maji. Mchanga wa chembe kubwa hutoa maji takriban robo ya ujazo wake: maji yakishuka nusu mita kwenye kipande cha mita 3 kwa 100, ni kama mita za ujazo 37. Mchanga laini hutoa pungufu ya hapo. Maji yakishapita karibu mita 1 chini ya uso, jua haliyapati tena, tofauti na ya kidimbwi.

Ng'ambo_ya_Pili:
Asanteni sana, katapila tumeachana nalo. Na pampu?

Futikamba:
Pampu ya inchi 2 huweza kuvuta lita 5 kwa sekunde au zaidi. Linganisha na lita 4.4 za sentimita 10: pampu moja inaumeza mto wote. Basi ubao wa kizingiti ukishuka hadi 15, iwake moja tu kwa zamu. Ukifika 10, zote zizimwe, na mashamba yatumie matangi yaliyojazwa mapema. Vidimbwi vya mwisho visiguswe, samaki wa msimu ujao wamo humo. Mifugo inyweshwe kwenye birika nje ya mto, kwa sababu samadi hula oksijeni, na oksijeni huwa chini kabisa kabla ya alfajiri. Samaki wakihema juu ya maji saa hizo, hali ni mbaya.

Zamu zifuate sentimita, si tarehe. Pakeni rangi kwenye ubao wa kizingiti: njano kwenye 15, nyekundu kwenye 10, ili hata mtoto aliyetumwa kuzima pampu aone mwenyewe.