Wapenzi wa Star Wars na Star Trek, tupeane uzoefu: siku ulibanwa na kosa la hadithi

Kijana wa Birere (Goma)
Jana kwenye kibanda cha video dogo mmoja amesimama mbele ya bantu yote anasema Han Solo, yule rubani wa Star Wars, ni muongo, juu anajivuna mbio kwa parsec, na parsec haipimi saa, inapima urefu wa njia. Banduku, munajibuga nini bakiwabana hivyo? Leteni za kwenu, Klingon, bale bantu ba vita ba Star Trek, pia ruhusa.

Mwana Katuba (Lubumbashi)
We umenikumbusha mbali. Hiyo parsec karibu inikoseshe bibi. Tulienda kwao kuongea mahari, kumbe muyomba wake ni mwalimu wa fizika, na ndiye ameshika karatasi ya mali. Kabla ya kusoma kitu cha kwanza akaniuliza, we ndiye unapenda zile filme za nyota? Basi nielezee, parsec moja ni kama miaka ya mwanga 3.26, namna gani yule rubani tangu filme ya 1977 anajivuna amemaliza njia ya sayari ya Kessel chini ya parsec 12, kama dereva anajivuna amefika Likasi kwa kilometa kidogo? Baba mudogo akanikanyaga mguu ninyamaze. Sikunyamaza. Nikasema muyomba, karibu na Kessel kuko Maw, ni mashimo meusi, chombo kizito kinazunguka mbali, chenye mbio kinakata karibu bila kumezwa, kwa hiyo ufupi wa njia ndio unaonyesha mbio. Njia ya kawaida ni parsec 20, filme ya 2018, Solo, imeonyesha. Nyumba nzima kimya. Akapiga hesabu nyuma ya karatasi ya mali, chai inapoa, akauliza: ni 12 kamili? Nikasema hapana muyomba, inazidi kidogo, alikata chini. Akasema basi na bei ya mtoto wetu utataka kuikata chini. Akaongeza mbuzi mmoja.

Nyota ya Kadutu
Wajomba wa fizika hapana 😂

Mama Two
Na mbuzi ulilipa??

Kaka Ibanda (Bukavu)
Lakini hayo ya Maw ni ya vitabu vya zamani. Aprili 2014 wenye Star Wars waliviweka pembeni, wakaviita Legends (hekaya). Havihesabiki.

Mwana Katuba
Umesoma nusu, kaka. Maw ilirudi kwa hiyo hiyo filme ya 2018.

Kaka Ibanda
Sawa, lakini useme filme, usiseme vitabu.

Mama Two
Muache! Mbuzi je?

Fundi Simu (Goma)
Mimi yangu ni Executor, chombo kikubwa cha vita cha Darth Vader wa Star Wars. Kwanza waliandika urefu wake kilometa 8, bantu bakapima kwa picha wakilinganisha na Star Destroyer, chombo kingine cha vita cha mita 1600, hesabu ikakataa, leo inaandikwa kilometa 19. Ndivyo napenda, kosa lirekebishwe kwa kupima, si kwa kutunga hadithi nyingine juu yake.

Nyota ya Kadutu
Klingon basi! Miaka ya 60 paji laini, 1979 mifupa. 1996 Worf, Klingon mwenye mifupa, alipoulizwa juu ya tofauti hiyo akasema hayo hawaongei na wageni. Jibu zuri hilo, 2005 wakaleta hadithi ya virusi vilivyolainisha mapaji, wakaliharibu.

Kaka Ibanda
Hawakuharibu hata kidogo. Virusi vile vinaunganisha mfululizo wote.

Papa Jules
Dogo akikubana mwambie ni filme tu.

Fundi Simu
Usimwambie hivyo hata siku moja, utamuua hamu. Mpe rula apime.

Mama Two
Na usijibu kabla chakula hakijafika.

Kijana wa Birere
Na Falcon, chombo cha Han Solo, iliyoharibika haipadraivu (injini ya kupita mbio za mwanga), ilifikaje sayari ya Bespin?

Kaka Ibanda
Ilikuwa na ya akiba, dhaifu. Hiyo fungulia mada yake, hapa bado tunangoja mbuzi.