Wajukuu wa Nyegezi: safari ya Sengerema

Da Pendo 19:02
Habari za jioni ukoo. Kesho saa 12 kamili asubuhi stendi ya Nyegezi, hatusubiri mtu. Posa ni ya wote, na aibu itakuwa ya wote. Waliochanga ni wanne tu. Tiki za bluu naziona.

Yohana 19:20
Dada, Noah imewasha taa ya betri tangu Buhongwa. Haizimi.

Masalu 19:21
Si afadhali inawaka? 😂

Da Pendo 19:21
Masalu tulia. Yohana, shida nini?

Yohana 19:48
Nimeazima mita. Injini ikiwa imezimwa betri inasoma 12.4. Nimewasha, 12.1. Oltaneta ingekuwa inachaji ingepanda 13.8 mpaka 14.5. Hapa tunakula betri tu.

Mjomba Maduhu 19:55
Chomoa tominali injini ikiunguruma. Ikizima, oltaneta imekufa. Sisi ndivyo tulivyopima.

Yohana 19:58
Hapana mjomba, haya ya sasa ukichomoa hivyo unaua diodi, hata kompyuta ya gari. Mkanda umekaza vizuri. Tominali zilikuwa na unga wa kijani, nimesugua na msasa, taa bado. Nahisi kaboni za oltaneta zimeisha. Mpaka ifunguliwe.

Shangazi Kabula 20:15
Mwaka juzi si tulichanga betri mpya? Iko wapi?

Masalu 20:16
Iko Igoma kwenye sola ya mtu, inaangalia Simba na Yanga 😂😂

Da Pendo 20:16
Masalu!!

Shangazi Kabula 20:19
Mwache aseme. Mwenyewe yumo humu.

Deus 20:22
_Ujumbe huu umefutwa_

Da Pendo 20:25
Ya betri tuyaache jamani. Elfu 5 kila mtu, ya kaboni na fundi. Tumeni kwangu.

Masalu 20:31
Gari likizimika darajani tunaazima taa za wavuvi wa dagaa, si wako hapo chini

Yohana 20:40
Kwenda mchana bila redio labda litafika. Kurudi usiku na taa kubwa, halifiki.

Baba Mkubwa 21:30
Nimesoma yote. Gari la marehemu halivuki Kigongo na taa hiyo. Na posa haiendi bila mimi.

Da Pendo 21:52
Tumesikia baba.

Da Pendo 22:10
Fundi wa Mkolani anafungua saa 1. Yohana uwe mlangoni kabla yake. Wakwe niwaambie saa ngapi? Mtu anijibu.

Rehema 05:58
Mwangaluka. Nipo stendi na chapati, mko wapi?

Yohana 07:25
Ameifungua. Kaboni moja imebaki kama punje ya mchele. Anaulizia hela.

Da Pendo 07:31
Nina elfu 15. Deus?