Waandaaji wa matamasha Mbeya na Iringa, mnaziua ngoma za asili kwa spika, baridi na ratiba zenu

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Kila ikifika Julai na Agosti mji unajaa maturubai na matangazo ya gari: "burudani ya ngoma za asili, njoo na familia." Watu wanatoka Uyole, Ilomba na Mwanjelwa na watoto wao, Iringa nako wanatoka Kihesa na Ipogolo, wanasimama juani tangu asubuhi. Wanachopewa ni dakika tano za mngurumo usioeleweka, kisha disko. Wanarudi nyumbani wakisema ngoma za asili zinachosha. Hazichoshi. Zinaharibiwa kabla hazijawafikia masikioni, na wanaoziharibu ni wale wale waliozikodi.

Tuanze na baridi, maana hapo ndipo wengi wanapoonyesha kwamba hawajui wanachokiandaa. Saba Saba na Nane Nane zinaangukia kwenye miezi ya baridi kali kuliko yote huku kwetu. Iringa hata kumbukumbu ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyefariki tarehe 19 Julai 1898, iko humo humo. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Iringa ni zaidi ya mita 1,500. Ngozi ya ngoma ni ngozi kweli, inakunywa unyevu wa ukungu na umande. Ikishakunywa inalegea, sauti inashuka na kuwa butu, na zile ngoma tatu au nne zilizotakiwa kusemezana kila moja kwa sauti yake zinakuwa kitu kimoja kisicho na umbo. Mchezaji anayesubiri mlio fulani ili abadilishe mguu hausikii. Mnamuona amepotea, mnasema kikundi hakijajiandaa.

Dawa yake ni moto, na kila mpiga ngoma anaijua. Moto wenyewe ni wa nyasi kavu au mabua ya mahindi, kitu kinachotoa mwali wa haraka na kuisha. Mkaa unatumika pale ambapo hakuna namna, ila joto lake linakaa sehemu moja na linaweza kukausha katikati ya ngozi huku kingo zikiwa bado mbichi. Ngoma inashikwa umbali wa mkono hivi kutoka kwenye mwali, uso ukielekea motoni, inazungushwa bila kusimama, na mpigaji anaigonga kwa vidole kuzunguka ukingo. Sauti ikilingana pande zote, inatolewa. Ikikaa zaidi, ngozi inachanika pale inaposhikwa na vigingi, na hapo siku imeisha, kwa sababu kuwamba ngozi mpya ni kuiloweka, kuivuta, kuipigilia na kuisubiri ikauke, si kazi ya kufanyia nyuma ya jukwaa. Ngozi ya mbuzi inakaza upesi na kulegea upesi. Ya ng'ombe inataka muda zaidi motoni lakini inashikilia. Kwenye baridi ya asubuhi, ngoma ndogo ya ngozi ya mbuzi inaanza kushuka ndani ya nusu saa tu. Maana yake moto hauwashwi mara moja ukazimwa. Unatakiwa uwepo karibu na uwanja muda wote ambao kikundi kinacheza au kinasubiri.

Sasa nendeni mkawaombe waandaaji sehemu ya moto. Jibu ni lile lile: hairuhusiwi, usalama, tutachafua uwanja. Papo hapo wameruhusu majiko ya nyama choma kumi kando ya uzio! Kinachohitajika ni kipande cha udongo mtupu cha mita mbili kwa mbili, upande ambao upepo hauelekei kwenye maturubai, ndoo mbili za maji, ndoo moja ya mchanga na kijana mmoja wa kulinda. Hakuna gharama hapo ya kumshinda mtu aliyelipia jukwaa la chuma.

Hata huo moto ukipatikana, ratiba inakuja kuumaliza. Kikundi kinaambiwa kiwe uwanjani saa moja asubuhi. Kinafika, kinakaza ngoma. Mgeni rasmi anatarajiwa saa tatu, anaingia saa sita. Asubuhi ngoma zimelegea kwa baridi, mchana zimewekwa juani kwenye uwanja usio na mti na zimekauka kupita kiasi. Jua kavu la nyanda za juu linadanganya kwa sababu hewa ni ya baridi. Ngozi inakakamaa wewe hujahisi joto lolote. Wakati huo wachezaji, wengi wao watu wazima wa miaka 50 na kuendelea, hawajapewa hata chai. Halafu MC anawaita kwa kuwakimbiza: "haraka haraka, mgeni ana ratiba nyingine." Mnategemea waone raha ya kucheza?

Naja kwenye spika, na hapa nawasema mafundi mitambo pamoja na wanaowalipa. Ngoma zetu nyingi zinasimama juu ya kuitikiana. Mwimbishaji anatoa mstari, kundi linapokea, na uzito wote uko kwenye kupokea. Wahehe na Wabena wakiimba pamoja, zile sauti nzito za chini ndizo zinazosimamisha nywele. Fundi wenu anafanya nini? Anampa mwimbishaji maiki moja mkononi, anaifungulia mpaka mwisho, anaongeza mwangwi kama wa mhubiri, na waitikiaji 20 anawaacha bila kitu. Uwanjani inasikika sauti ya mtu mmoja akilalamika peke yake. Maiki ya pili anaichomeka mbele ya ngoma kubwa kwa umbali wa kiganja, besi inajaa, spika zinaanza kuvuma, fundi anashusha kila kitu, kisha anapandisha tena. Hivyo mpaka mwisho.

Kwa watazamaji mia mbili au tatu waliozunguka duara, hakuna maiki yoyote inayohitajika. Zimeni. Ngoma zilitengenezwa zisikike kutoka kijiji kimoja hadi kingine.

Uwanja ukiwa mkubwa, wekeni maiki mbili kwenye stendi, urefu wa mita mbili hivi, zikiwatazama waitikiaji kwa umbali wa hatua mbili au tatu, na mwimbishaji asimame kati yao kama anavyosimama siku zote. Ngoma zisiwekewe maiki, zitaingia zenyewe kwenye hizo mbili. Mwangwi uzimwe kabisa. Besi ipunguzwe. Spika zikae mbele ya maiki, zikielekea kwa watu, zisiwe nyuma ya wachezaji, la sivyo zitapiga mluzi. Mambo hayo yanajaribiwa kwa wimbo mmoja asubuhi, kabla watu hawajajaa. Sijaona sababu ya kazi ya dakika kumi kushindikana mwaka hadi mwaka.

Mganda, ngoma ya watu wa Ziwa Nyasa, una balaa lake la ziada. Yale malipenga ya vibuyu yana tundu lililozibwa kwa utando mwembamba wa buibui, na mtu anaimbia ndani yake ili utando utetemeke. Huo ndio mlio wenyewe. Ukimsogezea maiki mdomoni unapata mkwaruzo mtupu, wimbo hausikiki. Na utando ukiguswa na kidole cha fundi anayehangaika kuweka maiki sawa, umekwisha. Mganda unachezwa kwa mistari, wanaume wamejipanga kama gwaride, na malipenga mengi yakilia pamoja yanajaza uwanja bila msaada wa umeme. Wapeni nafasi tu.

Halafu kuna ligombo. Hili linaniuma kuliko yote. Ligombo la Wahehe ni ubao uliochongwa mfereji, uzi mmoja unapitishwa juu yake kwenda na kurudi mpaka unakuwa nyuzi kadhaa, na kibuyu cha kukuzia sauti. Kwa kuwa uzi ni mmoja, ukivuta sehemu moja sehemu ya jirani nayo inayumba, kwa hiyo kuliweka sawa kunataka utulivu na muda. Mpigaji anaimba juu yake sifa na habari za watu wa zamani, kwa sauti ya mazungumzo. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alipopita Iringa kurekodi mwaka 1950 alilirekodi ligombo, na rekodi zile zinasikilizwa hadi leo na watu wa nchi za mbali. Sisi hapa mjini tunampandisha mzee wa ligombo jukwaani katikati ya uwanja, jenereta linanguruma mita tano nyuma yake, banda la jirani wanapiga singeli, MC anamkatiza ili atangaze gari lililoziba njia. Hiyo ni dharau. Ligombo linataka chumba, au kivuli cha mti, watu hamsini hadi mia wameketi, saa moja ya kimya. Iringa mjini kumbi za kiasi hicho zipo, na watu wa kulipa kiingilio kidogo kusikiliza wapo.

Jukwaa nalo. Ngoma zinazopigwa mguu chini zinataka udongo. Mbao za jukwaa zinageuza kila kishindo kuwa ngoma nyingine isiyokuwa kwenye wimbo, zulia mlilotandika linateleza, na kimo cha mita moja kinamtenga mtazamaji aliyezoea kuingia duarani na kumtuza mchezaji. Choreni duara la mita 10 hadi 12 kwenye udongo, mwagieni maji kidogo jioni ya kuamkia siku hiyo ili vumbi lilale, wazungushieni watu kamba. Viti vya wakubwa viwe upande mmoja tu. Siku hizi vinachukua pande tatu, na wananchi wanaachiwa kutazama migongo.

Kuhusu dakika tano sitasema mengi. Ngoma ina wimbo wa kuingilia, ina kupashana moto, ina kilele na ina wimbo wa kutokea. Ukikata dakika ya tano umekata kabla haijaanza. Kodini vikundi vitatu, kila kimoja dakika 25, badala ya vikundi tisa vya kumpigia mgeni makofi akishuka kwenye gari.

Na mnawakodi akina nani? Mbeya ni ardhi ya Wasafwa, lakini tamasha linaisha hujasikia hata wimbo mmoja wa Kisafwa. Wandali wa Ileje, Wanyiha wa Mbozi, Wakinga wa Makete wako jirani, hawaitwi. Kila mwaka ni sarakasi na mtu wa nyoka. Hao nao ni wasanii na wanastahili heshima yao, ila tangazo lilisema ngoma za hapa. Mavazi ndiyo usiseme: wazee wa Iringa wana migolole yao, zile shuka za kufunga begani, mwandaaji anawavalisha fulana za mdhamini juu yake, au anawakodishia mashuka ya Kimasai ili "wapendeze kwenye picha." Mtoto wa Kihehe aliyezaliwa mjini atajuaje babu yake alivaa nini?

Mwisho, malipo. Kikundi cha watu 20 kutoka Kyela kinasafiri zaidi ya kilomita 100 kuja Mbeya, kinapita Tukuyu ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na ngoma zao zinarundikwa kwenye gari la wazi chini ya mabenchi. Nusu ya malipo itoke kabla hawajaondoka kwao, nyingine wapewe siku ile ile kabla gari halijawashwa. Ngoma zisafiri zimesimama, uso juu, zimefunikwa blanketi kisha turubai. Chakula kiwepo wanapofika, si baada ya mgeni kuondoka. Habari ya "njooni ofisini Jumatatu" kwa mtu anayelala umbali huo ni kumdhulumu mchana kweupe.

Nawasilisha.

NYONGEZA: Mdau ameuliza hapo chini kama mvua ikinyesha kuna ujanja gani. Ngozi ikishalowa kabisa, msiikimbizie motoni. Itakauka juu kabla ya ndani na itachanika. Ifuteni kwa kitambaa kikavu, iacheni penye hewa kwanza, kisha moto wa mbali, taratibu. Ndiyo maana turubai moja la vyombo vya kikundi liwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, pembeni ya uwanja, karibu na ile sehemu ya moto.

Mwingine anasema spika zikizimwa wadhamini watakataa kwa sababu matangazo yao hayatasikika. Matangazo yasomwe kati ya kikundi na kikundi, kuna dakika kumi za kubadilishana pale. Wakati ngoma inalia, maiki ya MC iwe imezimwa kwa swichi na fundi ndiye ashike hiyo swichi.

Wenye matamasha ya mwezi wa nane, wekeni hapa mpango wenu: moto utakuwa wapi, vikundi vingapi, dakika ngapi, nani fundi mitambo. Tutaupitia kipengele kwa kipengele.