Kampuni za magemu zinatuzoesha kubonyeza linki, tukiibiwa zinatuita wazembe

Wakuu, nimechoka na hili leo nalisema.

Mdogo wangu kaibiwa akaunti ya gemu aliyoanza kuijenga akiwa sekondari. Ilikuja imeili yenye nembo ya kampuni, rangi zilezile, hadi jina analotumia kwenye gemu limo: akaunti yako imeripotiwa kwa udanganyifu, thibitisha ndani ya saa 24 la sivyo inafungwa. Akabonyeza, akaweka neno la siri, akaweka na namba za uthibitisho zilizoingia kwenye simu. Kwisha. Skini zote (mapambo ya wahusika na silaha za gemu) alizonunua kwa hela yake, zimekwenda.

Lakini kilichonipandisha hasira ni majibu ya kampuni. Kwanza wakamwambia alipaswa kuwa makini. Halafu wakamtumia imeili ya "fuatilia tatizo lako" yenye kitufe kikubwa cha kubonyeza, na ukikishikilia kitufe hicho unaona kinapeleka kwenye anwani isiyo na jina la kampuni kabisa! Kila mara mnamtumia "bonyeza hapa uchukue zawadi", siku mwizi akituma inayofanana na yenu, kosa ni la mtoto?

Na nyie mnaokuja kwenye kila uzi kusema "angalia makosa ya lugha", acheni. Hizi za sasa Kiingereza chake kimenyooka, nyingine zimenakiliwa neno kwa neno kutoka imeili halisi, kilichobadilishwa ni linki tu. Alama ya kufuli ambayo baadhi ya vivinjari huionyesha kando ya anwani ya tovuti nayo haikuokoi. Cheti kinachoileta kinapatikana bure na matapeli wanacho. Kufuli linasema mawasiliano yamefichwa njiani, halisemi uliyefika kwake ni nani.

Cha kusoma ni anwani. Kwenye Gmail ya simu unaonyeshwa jina la mtumaji tu, na jina mtu anajiandikia lolote, kwa hiyo gusa uone anwani yenyewe. Hata hiyo inaweza kughushiwa, basi shikilia linki bila kuibonyeza. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya https:// kisha soma kurudi nyuma. Jina lililokaa jirani na mkwaju huo, pamoja na .com yake au chochote kilichopo, ndiye mwenye tovuti. Jina la kampuni likiwa mwanzoni halafu likafuatwa na jina jingine kabla ya mkwaju, hapo shtuka, huenda unaibiwa. Wanaoigiza Steam, lile duka la magemu ya kompyuta, wanabananisha r na n zisomeke kama m: steamcommunity inageuka stearncommunity, na kwenye kioo kidogo cha simu huoni tofauti.

Kuna na mbinu iliyosambaa 2022, ambayo tovuti ya mwizi inakuchorea dirisha la kuingilia ndani ya ukurasa wake, na anwani iliyochorwa juu yake ni sahihi herufi kwa herufi. Kwenye kompyuta jaribu kulivuta dirisha hilo nje ya kivinjari, la uongo linakwama ukingoni. Kwenye simu huna pa kulivutia, na wengi wetu tunacheza kwa simu!

Namba za uthibitisho msizitegemee peke yake pia. Ukizijaza kwenye ukurasa wa mwizi, mfumo wake unazipeleka kwenye gemu halisi muda uleule, kabla hazijaisha nguvu.

Ninachodai ni kitu kimoja na hakihitaji teknolojia mpya. Imeili ya usalama isiwe na linki. Andikeni "fungua gemu, soma ujumbe wako humo", basi. Onyo la kufungiwa likae ndani ya gemu, ambako tapeli hawezi kuliweka. Mkifanya hivyo, imeili yoyote ya vitisho yenye kitufe itajulikana ni ya wezi hata kwa mtoto wa darasa la nne. Mnachogoma ni kwa sababu mnataka kuhesabu nani kabonyeza.

Mpaka wabadilike, mkipata imeili ya hivyo msiiguse, fungueni gemu lenyewe mkaangalie. Na aliyepata kama ya mdogo wangu aweke picha yake hapa, linki aizibe.