Tupeane uzoefu: imani potofu kuhusu meno, hasa meno ya watoto

Mleta mada (Dodoma)

Ndugu zangu, naomba tuandike hapa mambo tuliyoaminishwa kuhusu kinywa na meno ambayo baadaye tuligundua kuwa si kweli. Naomba tuwape watoto kipaumbele, kwa kuwa wao huumizwa na imani ambazo si zao.

Naanza na meno ya plastiki, ambayo wengine huyaita meno ya nailoni. Mtoto wa dada yangu alikuwa hajatimiza mwaka alipoanza kuhara na kupata homa. Jirani alimfungua kinywa, akaonyesha uvimbe mweupe kwenye ufizi, mahali pa chonge, akasema kwamba meno hayo yasipotolewa mtoto hatapona. Akapelekwa kwa mtu wa kuyatoa, ufizi ukachokolewa kwa kitu chenye ncha bila ganzi, na kilichotoka kilikuwa cheupe na laini kweli, jambo ambalo kwa waliokuwepo lilitosha kuwa ushahidi kwamba halikuwa jino la kawaida. Siku chache baadaye alilazwa hospitalini akiwa amepungukiwa maji na damu.

Daktari alitueleza kwamba kila mtoto mchanga ana chonge changa ndani ya ufizi, nazo ni laini kwa sababu bado zinajengeka. Kwa kawaida hutokeza akiwa na umri wa miezi 16 hadi 22 hivi. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu, lakini jino la kudumu lililokuwa likijengeka jirani na pale palipochokolewa lilikuja kutoka likiwa na kasoro, naye sasa ni msichana mkubwa anayeziba mdomo kwa mkono akicheka. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mchangiaji (muuguzi, Tabora)

Asante, mleta mada. Nimehudumia watoto wa namna hiyo kliniki, na napenda kueleza kwa nini imani hii ni ngumu kuondoka. Kuhara kwingi kwa watoto huisha kwenyewe ndani ya siku chache, kwa hiyo mtoto aliyechokolewa ufizi akipona, sifa humwendea aliyemchokoa, na asipopona husemwa kwamba alicheleweshwa. Tena umri ambao ufizi huanza kuvimba ndio umri wa kuanza kula vyakula vingine, kutambaa na kutia kila kitu kinywani, hivyo kuhara na meno hufuatana bila jino kuwa chanzo cha ugonjwa.

Hatari zake ni kubwa: kupoteza damu nyingi, pepopunda, maambukizi kuingia kwenye damu, na hata virusi vya UKIMWI pale kifaa kimoja kinapotumika kwa watoto wengi. Wenzetu wa Uganda wana imani hiyohiyo, wakiyaita ebiino. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya ORS (dawa ya unga inayochanganywa na maji ili kurudisha maji na chumvi mwilini), vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, kuendelea kunyonya, na kupelekwa kituo cha afya mapema. Nawasihi wahudumu wenzangu tusiwagombeze kina mama wanaokuja na watoto waliokwisha kuchokolewa, kwa sababu mama aliyeaibishwa mara moja, safari nyingine hubaki nyumbani.

Mchangiaji (Usa River, Arusha)

Kwetu watu wengi tuna meno yenye rangi ya kahawia, na waliotoka mikoa mingine hudhani hatupigi mswaki. Shuleni nimeona mwalimu mgeni akimsimamisha mtoto mbele ya darasa kwa sababu hiyo, ilhali mtoto yule alipiga mswaki kila siku. Chanzo ni madini ya floridi kwenye maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru, ambayo huathiri jino wakati bado linajengeka ndani ya taya, yaani katika miaka ya mwanzo ya maisha. Likishatoka na rangi hiyo, halisuguliki, na wanaolisugua kwa mkaa au mchanga wanalimaliza bure.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo vyanzo vya maji kwetu vinavyozidi kiwango hicho mara kadhaa. Wengi wanaamini kwamba kuchemsha maji kunaondoa madini hayo, lakini maji yakipungua kwa mvuke floridi hubaki palepale na kuzidi kukolea. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa au kumtafutia mtoto maji ya mvua ya kunywa na kupikia. Magadi ya kulainishia maharage nayo huongeza floridi, kwa hiyo chakula cha mtoto kisitiwe.

Mchangiaji (Pangani)

Baba yangu mkubwa alikaa na jino bovu la juu kwa muda mrefu, akiamini kwamba likitolewa atapofuka. Shavu lilivimba hadi jicho likafumba ndipo alipokubali kupelekwa hospitali. Jino lilitolewa na jicho lake lipo salama. Hatari ya kweli ilikuwa usaha wa jino lile, ambao ungeweza kupanda hadi karibu na jicho kama lingeachwa zaidi.

Mchangiaji (mama, Morogoro)

Naomba kuuliza. Mwanangu ana miaka saba, na gego lake la nyuma limetoboka. Bibi yake anasema tuliache, kwa kuwa meno ya utotoni yatang'oka yenyewe. Je, ni sahihi?

Mchangiaji (muuguzi, Tabora)

Dada, mpeleke mapema. Kwenye umri wa miaka sita hivi huota gego la kudumu nyuma ya meno yote ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha, na wazazi wengi hudhani ni la utotoni. Hesabu kutoka katikati kwenda nyuma: likiwa la sita, ni la kudumu na halitaota jingine. Likiwa la nne au la tano, bado linastahili tiba, kwa kuwa huweza kukaa hadi miaka 10 au 12, na likitolewa mapema meno ya jirani huegemea pengo na kulinyima nafasi jino lijalo. Uliza kama linaweza kuzibwa kabla ya kukubali ling'olewe.