Mrejesho: kulehemu nyaya nyembamba za fedha bila kuziyeyusha

Niliuliza kwa nini nyaya za pambo la herini huyeyuka kabla lehemu (metali ya kuunganishia) haijatiririka, na ninawashukuru wote mlionijibu. Ushauri uliofaa kuliko yote ni wa kutumia fedha safi kwa nyaya za ndani, kwa kuwa hiyo huyeyuka kwenye nyuzijoto 961 za Selsiasi, ilhali fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha katika kila 1000 na shaba ndani yake, huanza kulegea karibu na 800. Nilisokota nyaya mbili pamoja, nikazibapa hadi kingo zikatoa vijino vidogo vinavyomeremeta, kisha nikazikunja na kuzibana ndani ya fremu nene. Lehemu niliisaga kwa tupa, nikachanganya unga wake na boraksi (chumvi inayoisaidia lehemu kutiririka) na kuunyunyiza. Moto niliuelekeza kwenye fremu kwanza, maana nyaya hushika joto upesi mno. Lehemu ilipong'aa ghafla na kukimbia kwenye viungo, niliuondoa moto papo hapo.

Waliopendekeza nitie weusi kwa salfa, naomba kutofautiana nao: weusi hupendeza kwenye mchongo wa kina, lakini pambo la nyaya hutegemea mwanga unaopenya, hivyo nimeliacha jeupe.